Malisho ya Mifugo na Wadudu wa Nyika Kavu

Athari za malisho kwa wadudu ni mabadiliko ya idadi, aina na kazi za wadudu yanayotokea mahali ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia wanapochungwa. Manyamanyama, kata ya mji wa Bunda mkoani Mara, si jangwa: Ziwa Viktoria liko karibu na mvua huja kwa misimu miwili. Lakini kiangazi kinapokaza, nyasi hukauka na ardhi huwa ngumu, na mnyama huigusa nchi kwa namna ile ile ya Tsavo, Laikipia na nyika za kaskazini mwa Kenya: kwa mdomo, kwato, mavi na dawa anazopewa.

Mdomo ndio unaotangulia kuonekana. Nyasi zikiliwa hadi shinani, panzi wa nyasi ndefu na viwavi hukosa chakula na maficho, na maua ya magugu anayoyategemea nyuki hupungua. Mbuzi hupanda hadi vichakani na kula machipukizi ambayo ng'ombe ameyaacha. Kwato nazo hushindilia udongo. Wapo lakini wanaonufaika: aina kadhaa za sisimizi na panzi hupenda ardhi iliyo wazi na yenye jua. Kwa hiyo kusema tu kwamba malisho hupunguza wadudu ni kusema nusu ya habari.

Mavi ya ng'ombe hutajwa kidogo mno, nami naona ndiyo kiini cha jambo hili. Wakati wa mvua, bonge likianguka nzi hutua papo hapo na kutaga, kisha mbawakawa hufika wakifuata harufu. Wengine huviringisha vidonge na kuondoka navyo kinyumenyume, wakisukuma kwa miguu ya nyuma. Wengine huchimba mashimo chini ya bonge na kuteremsha shehena humo. Wadogo zaidi huishi ndani yake. Mayai hutagwa katika mavi yaliyofukiwa, na rutuba hubaki ardhini. Tsavo, watafiti Anderson na Coe waliandika mwaka 1974 kuhusu mbawakawa 16,000 waliolivamia bonge la mavi ya tembo la kilo 1.5 na kulimaliza kwa saa mbili. Kiangazi mbawakawa huadimika, bonge hukauka likawa gamba, na mchwa hulila kutokea chini.

Mahali pasipo na mbawakawa wa kufaa, hasara huonekana wazi. Australia ilipokea ng'ombe mwaka 1788, lakini mbawakawa wa huko walizoea mavi makavu ya kangaruu. Mavi ya ng'ombe yakafunika malisho na nzi wakazaana. Kuanzia miaka ya 1960 nchi hiyo ilileta mbawakawa kutoka ng'ambo, wengi wao wa Afrika. Huku kwetu tunao, ila dawa zinaweza kuwamaliza. Ivermectin, inayotumika kuua minyoo, hutoka pamoja na mavi ikiwa bado na nguvu ya kuua mabuu wa nzi na wa mbawakawa, na baadhi ya dawa za josho hufanya vivyo hivyo. Josho lenyewe linahitajika, kwani kupe huua ng'ombe (kupe ana miguu minane, hivyo si mdudu kwa maana ya kisayansi). Ila kuwapa mifugo wote dawa ya minyoo kwa pamoja, mvua zinapoanza, ni kuwaua mbawakawa wakati wanapozaana.

Moja ya majaribio makubwa ya Afrika Mashariki kuhusu malisho liko Mpala, Laikipia. Tangu mwaka 1995, viwanja 18 vya hekta nne kila kimoja vimezungushiwa vizuizi vya aina mbalimbali: pengine ng'ombe huingia peke yao, pengine wanyamapori tu, pengine wote, pengine hakuna. Katika nyika hiyo hiyo ya Laikipia, walipozuiwa wanyama wenye kwato, miti, mbawakawa na mijusi viliongezeka. Habari ya migunga yenye vinundu vya miiba, ambamo sisimizi hukaa na kuilinda miti, ni kinyume chake. Todd Palmer na wenzake walieleza mwaka 2008 kwamba baada ya miaka kumi bila walaji wakubwa, hasa twiga na tembo, miti ilipunguza vinundu na utomvu mtamu inaowapa walinzi wake. Sisimizi walinzi walipungua, wakaingia wengine wanaokaa katika mashimo yaliyotobolewa na mabuu wa mbawakawa. Miti iliyokaliwa na hao wapya ikakua polepole, na uwezekano wake wa kufa ukawa maradufu.

Boma lililohamwa pia huacha alama. Samadi iliyokanyagwa hugeuka uwanja wa nyasi tamu ambao hudumu miaka mingi. Huko Narok, mpakani mwa Mara, udongo wa maboma ya hadi miaka 3,000 iliyopita bado una rutuba kuliko wa jirani. Laikipia, miti iliyo kando ya viwanja hivyo hubeba wadudu wengi zaidi, pamoja na mijusi wanaowala.

Mkoa wa Mara wenyewe umeshuhudia yanayotokea ng'ombe wanapotoweka. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua mifugo na nyati, njaa ikawatawanya watu, vichaka vikajaa magharibi mwa Serengeti, na mbung'o wakaenea humo.

Kuzidisha mifugo nako kuna hatari zake. Katika Mongolia ya Ndani, China, utafiti wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba malisho mazito hupunguza naitrojeni katika majani, na nzige wa huko hustawi kwa chakula hicho duni. Kwa wadudu wa nyasini, hata hivyo, kulima nyika ni pigo zito. Sinclair, Mduma na Arcese walilinganisha Serengeti na mashamba ya jirani mwaka 2002: wadudu wa nyasini walikuwa wamepungua sana mashambani, ndege waliosalia walikuwa asilimia 28 tu ya idadi yao nyikani, na karibu nusu ya aina za ndege wala wadudu hazikuonekana kabisa. Ipo njia ya kati: ngitili ya Wasukuma, eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, huacha nyasi zichanue na kutoa mbegu kabla ng'ombe hawajaingia, na panzi, nyuki na viwavi hupata msimu mzima wa kula na kukua.