Bati ya Bisie na Padre Lemaître

Bati inayochimbwa Bisie, kule Walikale, ilitoka wapi? Mwanajiolojia atawaonyesha mwamba. Lakini sehemu kubwa ya atomu zake ilipikwa ndani ya nyota zilizozeeka, kabla dunia haijakuwako. Hayo tumeyajua kwa astrofizikia, inayochunguza jinsi nyota zinavyowaka. Astronomia, iliyo ya kale zaidi, hupima mahali pa nyota na mwendo wake. Kosmolojia huuliza habari za ulimwengu mzima.

Mwaka 1927 Padre Georges Lemaître, Mbelgiji wa Louvain, alitwaa vipimo vya wanaastronomia kuhusu magalaksi, akavilinganisha na hesabu za Einstein, akaona kwamba ulimwengu unatanuka. Einstein mwenyewe hakukubali upesi. Mwaka 1931 Lemaître akafundisha kwamba vyote vilianzia katika atomu moja.

Papa Pio XII alipoihusisha elimu hiyo na uumbaji, mwaka 1951, padre hakufurahi, nami naona alikuwa na haki: nadharia ya fizikia hupimwa kwa fizikia. Kipimo kilipatikana kwa antena ya Penzias na Wilson, huko Marekani, iliyonasa masalio ya joto la mwanzo. Lemaître aliletewa habari hiyo akiwa mgonjwa. Alifariki Juni 1966.