Kuogelea kwa anayeumwa magoti au mgongo: Aanze vipi, na nani asiingie majini kabla ya kumuona daktari?

Mtu anayeumwa magoti mara nyingi hutoka hospitalini na maagizo mawili yanayogongana: afanye mazoezi ili apunguze uzito, lakini asiyatese magoti. Akijaribu kukimbia, magoti yanavimba. Akikaa tu, misuli ya mapaja inalegea, uzito unaongezeka na maumivu yanazidi. Ndiyo maana wataalamu wa fiziotherapia huwaelekeza wagonjwa wengi wa aina hii majini.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na pendekezo hilo linawahusu pia watu wenye ulemavu. Kwa aliyesagika magoti, anayeumwa mgongo au aliyedhoofika upande mmoja baada ya kiharusi, kuzifikisha dakika hizo nchi kavu si rahisi. Majini hesabu hubadilika.

Maji yanausaidiaje mwili?

Maji huusukuma mwili juu, na kadiri unavyozama ndivyo miguu inavyobeba uzito mdogo. Ukisimama kwenye maji yanayofika kiunoni, miguu hubeba takribani nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, hubeba karibu theluthi moja, na yakifika shingoni, karibu sehemu moja tu ya kumi. Kwa hiyo mtu wa kilo 80 aliyesimama kwenye maji ya kifuani, miguu yake hubeba kilo zisizofika 30.

Wakati huohuo maji ni mazito kuliko hewa, hivyo kila unaposukuma mkono au mguu, misuli inafanya kazi. Ukienda polepole upinzani ni mdogo, ukiongeza kasi unaongezeka. Wewe ndiwe unayeamua ugumu wa zoezi.

Si lazima ujue kuogelea

Wengi hukata tamaa hapa, lakini zoezi la kwanza ni kutembea tu. Simama kwenye maji ya kiunoni au kifuani, karibu na ukingo wa bwawa, utembee mbele, kinyumenyume na kwa upande. Dakika 10 zinatosha siku za mwanzo, mara mbili au tatu kwa wiki. Ukizoea, ongeza dakika chache kila wiki. Ukiwa unaweza kuzungumza bila kuhema sana, mwendo wako ni wa wastani.

Kwa anayejua kuogelea, mtindo una maana yake. Mtindo wa chura huonekana mpole, lakini teke lake huyasokota magoti, na kuinua kichwa muda wote huchosha shingo na mgongo wa chini. Mtindo huria huyapumzisha magoti ila hutumia sana mabega. Kuogelea chali huwafaa wengi wanaoumwa shingo, mradi mabega yao ni mazima. Asiyeweza kutumia mikono vizuri anaweza kushika ubao wa kuelea na kupiga miguu. Aliyedhoofika miguu anaweza kuwekewa kifaa cha kuelea katikati ya mapaja na kutumia mikono. Kuogelea kumekuwamo katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu tangu ile ya kwanza, Roma mwaka 1960.

Nani amuone daktari kwanza?

Maji yakifika kifuani huisukuma damu kutoka miguuni kuelekea moyoni, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Mwenye moyo dhaifu au shinikizo la damu lisilodhibitiwa asianze bila ushauri. Mwenye kifafa asiingie majini peke yake hata kama hajaanguka kwa muda mrefu. Mgonjwa wa kisukari achunguze nyayo kabla na baada ya kuogelea, kwa sababu anaweza kujikata asisikie, na awe na kitu cha sukari karibu. Mwenye kidonda kibichi au homa asubiri apone.

Tahadhari nyingine ni wakati wa kutoka. Uzito wote hurudi mara moja, miguu huwa mizito, na anayetumia dawa za presha anaweza kupata kizunguzungu. Panda ngazi taratibu, ushike chuma, kisha ukae kidogo.

Bwawani au baharini?

Bwawa lenye ngazi, sehemu ya kina kifupi na mwokoaji ni salama zaidi kwa anayeanza. Pwani ya Afrika Mashariki bahari ni ya joto na haina kiingilio, lakini ina masharti yake. Siku za maji mafu mikondo huwa na nguvu ndogo kuliko siku za bamvua. Usiingie wakati maji yanapwa kwa kasi, kwani yanaweza kukuvuta nje. Vaa viatu vya mpira, hasa penye mawe na viumbe wenye miiba, na usivuke kifua.

Usiende peke yako. WHO inakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Goti linaloweza kukusaliti ngazini linaweza kukusaliti majini pia.

Kwa wanawake wanaotaka kujisitiri, vazi la kuogelea linalofunika mwili na kuubana kiasi ni bora kuliko kanga au baibui, ambavyo vikilowa huwa vizito na kunasa miguuni. Baadhi ya mabwawa hutenga saa za wanawake pekee; uliza.

Utajuaje umezidisha?

Kuchoka misuli ni kawaida. Lakini maumivu ya kiungo yakiendelea zaidi ya saa mbili baada ya zoezi, au goti likivimba kesho yake, punguza muda au kasi siku inayofuata. Maumivu ya kifua, au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, ni ishara ya kutoka majini na kutafuta matibabu mara moja.

Kumbuka pia kwamba mifupa huimarika inapobeba uzito, jambo ambalo maji hayalifanyi vya kutosha. Magoti yakipata nafuu, ongeza matembezi mafupi ya nchi kavu.