Usinga Chini ya Udodi: Kujifunza Kazi ya Nywele katika Unyamwezi, Ukonongo na Uingereza, Karne ya 19

Insha hii inalinganisha njia mbili za kujifunza kazi ya nywele zilizokuwapo wakati mmoja: ile ya Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria, na ile ya Unyamwezi pamoja na jirani yake Ukonongo, nchi ambayo sehemu yake leo imo katika Mkoa wa Katavi. Hoja inayotetewa ni kwamba namna ujuzi ulivyorithishwa ndiyo iliyoamua ni ujuzi upi ungeingia katika historia.

Huko Uingereza, nywele za marehemu au mpendwa zilisukwa zikawa vikuku, pete na mikufu ya saa. Desturi hiyo ilipata nguvu zaidi baada ya kifo cha Mwanamfalme Albert mwaka 1861. Nywele zilichemshwa katika maji ya magadi, zikapangwa kwa urefu, zikafungwa vizito nchani, kisha zikasukwa juu ya meza ya duara yenye tundu katikati. Wateja wengi walihofu kwamba sonara angebadilisha nywele walizompelekea, hivyo wakapendelea kusuka wenyewe. Miongozo ilikidhi haja hiyo: wa Mark Campbell ulichapishwa Marekani mwaka 1867, na wa Alexanna Speight ukatoka London mwaka 1871.

Mwaka huohuo wa 1871, Henry Morton Stanley alipita Ukonongo akielekea Ujiji. Yeye na wasafiri waliomtangulia walikuta katika nchi hizi za misafara watu waliovaa pete nyingi za waya miguuni, zilizojulikana kwa jina la sambo. Waya mnene wa shaba, yaani masango, uliletwa kutoka pwani. Mhunzi aliuvuta katika matundu ya chamburo hadi ukawa udodi, mwembamba kama uzi. Udodi huo ulizungushwa, mzingo kwa mzingo, juu ya fungu la singa za mkia wa twiga, tembo au ng'ombe. Singa ndizo zilizoipa pete unyumbufu wake. Bila hizo, pete ingekuwa waya mtupu unaopinda na kubaki umepinda.

Ujuzi huo haukuwa na kitabu. Mwanafunzi aliupata kwa kuketi karibu na fundi, kutazama na kuiga. Aidha, sehemu iliyodai uteuzi makini wa malighafi ilifichwa na kazi yenyewe: pete ilipokamilika, jicho liliona shaba tu. Ndiyo maana ni rahisi kwa pambo la aina hii kuhesabiwa kuwa kazi ya madini peke yake, ilhali pambo la Kiingereza, ambalo nywele zake ziliachwa wazi, hutambulika mara moja kuwa kazi ya nywele.

Hata hivyo, ushahidi haujapotea wote. Msamiati wa Kiswahili umehifadhi hatua za kazi: masango, chamburo, udodi, usinga. Kila neno linataja malighafi au kifaa mahususi, na yakipangwa kwa mfuatano yanafanya kazi ya mwongozo ambao haukuandikwa.

Suala hili lina uzito wa pekee Katavi, ambako twiga na tembo wangali wanaishi katika Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1974. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, nywele za wanyama hao ni nyara za Serikali, na kuwa nazo bila kibali ni kosa. Ulinzi huo ni wa lazima, lakini unamaanisha kwamba ufundi huu hauwezi tena kujifunzwa kwa singa zote za zamani. Kilichobaki ni singa za ng'ombe, ambao ni wengi katika vijiji vya wafugaji wa mkoa huo, pamoja na pete zilizomo katika makumbusho. Kwa hiyo, maelezo ya pete hizo yanapaswa kutaja kilichomo ndani ya waya. Maelezo yanayoishia kwenye shaba humtambua mhunzi na kumsahau aliyechagua singa.