Maziwa Yavukayo Mipaka: Historia ya Pakiti Isiyohitaji Jokofu

Pakiti ya karatasi yenye maziwa yanayokaa miezi kadhaa bila kuharibika ni bidhaa ya kawaida leo katika maduka ya Muscat, London, Nairobi na Zanzibar. Nyuma ya pakiti hiyo kuna historia ya zaidi ya miaka 200, inayogusa vita, hataza, mahakama za Ulaya na mzozo wa kibiashara baina ya majirani wa Afrika Mashariki.

Kwa karne nyingi maziwa yalikuwa chakula cha karibu. Aliyekuwa na ng'ombe alikunywa, na jirani yake akanunua. Mtu aliyeishi mwendo wa siku mbili aliambulia mtindi, samli au jibini. Juisi ya matunda nayo ilichacha upesi. Biashara ya vinywaji hivyo ilifungwa na joto la mchana na urefu wa safari.

Kutoka chupa ya Appert hadi kopo la bati

Hatua kubwa ya kwanza ilipigwa Ufaransa. Nicolas Appert, mtengenezaji wa vitu vitamu, aligundua kwamba chakula kilichotiwa katika chupa ya kioo, kikazibwa kwa kizibo na kisha kuchemshwa, hukaa muda mrefu bila kuoza. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa, ambayo majeshi yake yalihitaji chakula cha kusafiri nacho, ilimzawadia faranga 12,000 kwa sharti kwamba aitangaze siri yake. Mwaka huohuo Peter Durand alipewa hataza nchini Uingereza iliyohusu pia vyombo vya bati, na kufikia mwaka 1813 kiwanda cha Bryan Donkin huko Bermondsey, London, kilikuwa kikitengeneza vyakula vya makopo.

Appert alijua kwamba njia yake inafaa, lakini hakujua kwa nini. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1860, Louis Pasteur alipoonyesha kwamba chakula huharibiwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tangu hapo ilieleweka kwamba moto huua vijidudu, na mfuniko huzuia vingine kuingia.

Hata hivyo kopo lilikuwa na kasoro. Chakula kilipikwa ndani ya chombo chenyewe, na ili joto lifike katikati ilibidi kichemshwe kwa muda mrefu. Maziwa yalibadilika rangi na ladha. Ndipo wataalamu wakaanza kujiuliza: je, haiwezekani chakula kiuliwe vijidudu peke yake kwa muda mfupi, chombo nacho peke yake, kisha viwili hivyo vikutanishwe mahali pasipo na kijidudu hata kimoja? Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani William McKinley Martin alifanikiwa kufanya hivyo kwa makopo, akitumia mvuke wenye joto kali. Lakini kopo la bati lilikuwa zito na ghali.

Karatasi, plastiki na wazo la soseji

Jibu la bei nafuu lilitoka Sweden. Ruben Rausing, aliyezaliwa mwaka 1895, alisoma katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Huko aliona maduka ambamo mteja hujichukulia bidhaa mwenyewe, akatambua kwamba maduka ya namna hiyo yatahitaji bidhaa zilizokwisha kufungashwa. Mwaka 1929, akishirikiana na Erik Åkerlund, alianzisha kampuni ya vifungashio. Rausing alishikilia kwamba kifungashio sharti kiokoe zaidi ya kile kinachogharimu.

Wakati huo maziwa yaliuzwa katika chupa za kioo, ambazo ni nzito, huvunjika, na lazima zirudishwe na kuoshwa. Mwaka 1944 mtumishi wa maabara ya kampuni hiyo, Erik Wallenberg, alipendekeza umbo jipya: bomba la karatasi linabanwa juu na chini katika mielekeo miwili tofauti, na kinachotokea ni kitu chenye nyuso nne za pembetatu. Umbo hilo lilitumia karatasi kidogo sana. Inasimuliwa kwamba mke wa Rausing, Elisabeth, ndiye aliyependekeza bomba libanwe likiwa limejaa maziwa, kama mtengenezaji soseji anavyofunga utumbo uliojaa nyama. Kwa njia hiyo hewa haikupata nafasi ya kubaki ndani.

Ilibaki kutafuta karatasi isiyolowa. Hapo uvumbuzi mwingine ukasaidia: plastiki iitwayo polithini, iliyogunduliwa mwaka 1933 katika maabara za kampuni ya ICI kaskazini mwa Uingereza. Karatasi ilipakwa tabaka jembamba la plastiki hiyo, nayo ikaweza kuzuia maji na kugandishwa kwa joto. Kampuni ya Tetra Pak iliundwa mwaka 1951 katika mji wa Lund, na mashine ya kwanza, ya kufungasha krimu, ilifikishwa kwa kiwanda cha maziwa cha mji huohuo mwaka 1952.

Mwaka 1961 huko Uswisi ulimwengu ulionyeshwa pakiti ya karatasi yenye maziwa yasiyo na kijidudu. Katika njia hiyo maziwa hupashwa joto la nyuzi 135 hadi 150 za Selsiasi kwa sekunde chache tu, kisha hupozwa. Karatasi nayo huuliwa vijidudu kwa hidrojeni peroksaidi. Tabaka jembamba la alumini katikati ya karatasi huzuia mwanga na oksijeni. Mwaka 1963 lilitokea pia boksi la mstatili, lililopangika kwa urahisi katika malori na rafu, na mwaka 1969 boksi hilo likaanza kutumika kwa vinywaji visivyohitaji jokofu.

Soko lagawanyika

Si kila nchi iliyaridhia maziwa hayo kwa kiwango kimoja. Nchini Italia kampuni ya Parmalat, iliyoanzishwa mwaka 1961, ilijenga himaya yake juu ya maziwa ya muda mrefu, kabla ya kuporomoka kwa kashfa ya mahesabu mwaka 2003. Ufaransa, Uhispania na Ureno ziliyakubali kiasi kwamba ndiyo yanayonunuliwa na watu wengi. Waingereza, waliozoea muuza maziwa kuwaletea chupa mlangoni kila asubuhi, waliilalamikia ladha yake ya kupikwa, na hadi leo maziwa hayo ni sehemu ndogo ya soko lao.

Barani Asia mambo yalikwenda kasi. Vitasoy ya Hong Kong iliyatia maziwa yake ya soya katika maboksi hayo katika miaka ya 1970, na mwaka 1985 India ikapata Frooti, kinywaji cha embe. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa iliruhusu mwaka 1981 hidrojeni peroksaidi itumike kusafishia vifungashio, na kijiboksi cha juisi kikaingia katika mikoba ya watoto wa shule. Mwaka 1989 taasisi ya wataalamu wa chakula nchini humo iliutaja ufungashaji huo kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko wote wa sayansi ya chakula katika miaka 50.

Afrika Mashariki nayo ilikwisha kuijua pakiti ya pembetatu. Mwaka 1979 serikali ya Rais Daniel arap Moi wa Kenya ilianza kuwagawia wanafunzi wa shule za msingi maziwa ya bure. Wakenya waliosoma miaka hiyo, wakiwamo wengi wanaoishi ughaibuni, huyakumbuka maziwa ya Nyayo kwa umbo la pakiti yake kama wanavyoyakumbuka kwa ladha. Mpango huo ulififia katika miaka ya 1990.

Nani mwenye mashine?

Pakiti iliyomkomboa muuza maziwa kutoka kwa jokofu ilimfunga kwa mtu mwingine. Anayetumia mashine huhitaji karatasi maalumu kila siku, na Tetra Pak ilikuwa ikiwafunga wateja wake kwa mikataba iliyowalazimu kununua karatasi zake. Mwaka 1991 Tume ya Ulaya iliitoza kampuni hiyo faini ya ekyu milioni 75 kwa kutumia vibaya nguvu zake katika soko, na mahakama ya Ulaya ikaithibitisha adhabu hiyo mwaka 1996. Miaka 20 baadaye, mnamo Novemba 2016, China nayo iliitoza faini ya takriban yuan milioni 668. Wapinzani kama SIG na Greatview ya China wamepata nafasi yao, lakini kiwanda kidogo bado kinategemea wauzaji wachache. Urusi iliuona utegemezi huo mwaka 2022, Tetra Pak ilipoiacha biashara yake nchini humo.

Mvutano mwingine ni wa mipaka. Mwaka 1983 mahakama ya Ulaya iliamua kwamba masharti ya Uingereza dhidi ya maziwa ya muda mrefu kutoka nchi jirani yalikiuka uhuru wa biashara. Afrika Mashariki ilishuhudia mfano wake mwanzoni mwa mwaka 2020, Kenya ilipokamata shehena za maziwa ya Lato kutoka Uganda, na serikali ya Kampala ikalalamika. Wafugaji wa Kenya waliogopa kushuka kwa bei. Wa Uganda waliogopa kupoteza soko lao kubwa. Maziwa yasiyoweza kusafiri hayana haja ya kugombaniwa mpakani.

Hatimaye kuna suala la taka. Karatasi, plastiki na alumini zilizoshikamana ni vigumu kutenganishwa. Jimbo la Maine nchini Marekani lilipiga marufuku maboksi hayo ya vinywaji mwaka 1990, kisha likaiondoa marufuku hiyo mwaka 1994. Sheria mpya ya Umoja wa Ulaya inataka vifungashio vyote viweze kurejelezwa ifikapo mwaka 2030, na makampuni yanatafuta namna ya kuiondoa alumini. SIG ilitoa boksi lisilo na tabaka hilo mwaka 2010, na mwaka 2023 Tetra Pak ilianza kuuza nchini Ureno boksi ambalo kizuizi chake ni cha karatasi.

Mizani ya pakiti hii, basi, ina pande mbili. Upande mmoja wamo watoto waliokunywa maziwa katika shule zisizo na umeme, na mfugaji ambaye maziwa yake ya msimu wa mvua hayamwagwi tena. Upande wa pili yamo majalala ya miji isiyo na viwanda vya kurejeleza taka. Kama kifungashio sharti kiokoe zaidi ya kinachogharimu, kama alivyotaka Rausing, gharama ya majalala hayo nayo haina budi kuingizwa katika hesabu.