Amri ya Kutotumbukiza Mpira Kabla ya Mchezo

Mtu atokaye kisiwani Mombasa, akavuka Daraja la Nyali na kushika njia ya Kisauni mpaka Mishomoroni, hupita penye vijana wengi wapendao kandanda kuliko mchezo mwingine wowote. Walakini mpira wa kikapu nao haukukosa wapenzi pwani, na timu za Halmashauri ya Bandari zimeupatia sifa ukumbi wa Makande. Jambo limwashalo kijana moyo katika mchezo huu ni kumwona mchezaji akiruka, akapeleka mkono juu ya pete ya chuma, akautumbukiza mpira kwa kishindo. Huenda akastaajabu akisikia kwamba tendo hilo liliwahi kupigwa marufuku huko Marekani, na kwamba liliporuhusiwa tena mchezoni, liliendelea kuwa kosa wakati wachezaji wanapopasha miili moto.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Desemba 1891 katika chuo cha YMCA mjini Springfield. Mwalimu James Naismith alitundika makapu mawili ya matunda kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi. Roshani ile ilikuwa na kimo cha futi 10, yaani mita 3.05, na kimo hicho hakijabadilika hata leo. Katika sheria zake 13 hapakuwa na neno lolote juu ya kutumbukiza. Nani angaliwaza jambo hilo, na kila mpira ulioingia kapuni ulihitaji mtu wa kuutoa?

Katika miaka ya 1940 walitokea watu warefu kama Bob Kurland, mwenye futi 7, wakaifikia pete bila taabu. Wakuu wa mchezo walinung'unika, lakini hawakukataza. Katazo lilikuja baadaye, na wakati wake una maana kubwa. Mwaka 1966 chuo cha Texas Western kilianza fainali ya vyuo kwa wachezaji 5, wote weusi, kikakishinda chuo cha Kentucky, ambacho timu yake yote ilikuwa ya wazungu, kwa 72 kwa 65. Mapema katika mchezo huo David Lattin aliutumbukiza mpira mbele ya macho ya nchi nzima. Mwaka uliofuata kijana mwingine mweusi, Lew Alcindor wa chuo cha UCLA, aliiongoza timu yake kuchukua ubingwa. Baada ya hapo, mwaka 1967, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ilipiga marufuku kutumbukiza.

Sababu zilizotajwa ni kuumia kwa wachezaji na kuharibika kwa vyombo. Watu hawakudanganyika, waliiita amri ile kwa jina la Alcindor. Mwenyewe alisema kwamba aliona ndani yake harufu ya ubaguzi, kwa kuwa wengi wa waliotumbukiza walikuwa weusi. Nami sioni sababu ya kumkatalia. Hata hivyo amri haikumpunguza. Aliukamilisha mtupo wake wa mkono mmoja juu ya kichwa, ambao hapana aliyeweza kuuzuia, akachukua ubingwa tena mwaka 1968 na 1969. Ndiye aliyejulikana baadaye kwa jina la Kareem Abdul-Jabbar.

Marufuku ya mchezoni iliondolewa mwaka 1976. Ile ya kabla ya mchezo ilibaki. Mchezaji aliyejisahau wakati wa kupasha mwili moto aliadhibiwa kwa kosa la kiufundi, na wapinzani wakapewa kutupa mpira bila kuzuiwa. Hivyo timu iliweza kuwa nyuma kabla mchezo haujaanza! Tusiifanyie dhihaka amri hii, maana ilikuwa na udhuru bora kuliko ile ya kwanza. Pete ikipindika au ubao wa kioo ukivunjika, umati mzima hukaa ukingoja. Mwaka 1979 Darryl Dawkins alivunja mbao mbili za kioo katika muda usiotimia mwezi. Walakini dawa ya msiba huo ilipatikana upesi: Arthur Ehrat wa Illinois alibuni pete yenye kamani, ambayo huinama ikivutwa na kurudi mahali pake, akapata hataza yake mwaka 1982. Udhuru ukafa, amri ikaendelea kuishi.

Mmoja wa walioishi chini yake alikuwa mtoto wa pwani yetu. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye kimo cha mita 2.21, alichezea chuo cha Connecticut tangu 2006 hata 2009. Mchezo ukiwa umeanza, aliruhusiwa kutumbukiza kadiri ya uwezo wake; dakika chache kabla, yeye ambaye pete ilikuwa karibu na vidole vyake, ilimpasa auweke mpira kwa upole. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA, akaenda Memphis. Amri ile iliondolewa katika michezo ya wanaume wa vyuo mwaka 2015, miaka 6 baada ya yeye kuondoka chuoni.