Fahali Aliyesimama Mahali pa Mtu

Mhubiri wa Ijumaa Kuu hapa Juba akisema Yesu alikufa badala yetu, wazee wetu wa Kijieng, yaani Kidinka, hawashangai. Babu yangu kule Bor alilijua jambo hilo kabla hajalisikia jina la Yesu. Mtu akiugua, fahali alifungwa kigingini, wazee wenye mikuki wakamwomba Nhialic, yaani Mungu, umati ukiitikia kila tamko, mpaka ugonjwa uhesabiwe kuwa umemhamia mnyama. Ndipo akachinjwa. Kwa majirani zetu Wanuer, mwanaanthropolojia Evans-Pritchard aliyeishi nao miaka ya 1930 aliandika kwamba asiye na ng'ombe alipasua tango pori kwa mkuki, nalo likahesabiwa ng'ombe. Maskini naye alitaka Mungu ampokee! Lakini homa ilirudi, na zizi likadaiwa tena.

Archibald Shaw wa misheni ya CMS alifungua kituo Malek, karibu na Bor, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Miongo ikapita, wabatizwa wakabaki wachache. Maana fahali walikuwepo.

Kisha ikaja Novemba 1991. Wapiganaji waliomfuata kamanda Riek Machar, wengi wao Wanuer, waliivamia Bor. Amnesty International ilikadiria waliouawa kuwa 2,000. Ng'ombe wakaswagwa. Walionusurika walikuwa na wagonjwa, walikuwa na wafu, walikuwa na dhambi zao, ila hawakuwa na cha kuchinja. Katika ukiwa huo mahubiri ya Askofu Nathaniel Garang na wainjilisti wake yaliwaingia: dhabihu isiyo na doa imekwisha kutolewa, mara moja, na aliyeitoa ni Mungu mwenyewe. Watu walibatizwa makundi kwa makundi, wakachoma vifaa vya majok, yaani mapepo, waliyoyatumikia. Kakuma, kambi ya wakimbizi kule Kenya nilikokulia na kujifunza Kiswahili, tuliimba na misalaba ya mbao mikononi, na hakuna aliyetuuliza tuna ng'ombe wangapi.

Mwaka 1999, huko Wunlit, Baraza la Makanisa la Sudan Mpya liliwakutanisha Wajieng na Wanuer, na fahali mweupe, Mabior, akachinjwa kutia muhuri amani. Je, tulirudi nyuma? Mimi nasema hapana. Damu ile ilifunga ahadi ya watu kwa watu, na ilihitajika sana. Deni letu kwa Mungu lilikuwa limekwisha kulipwa.

Basi ndugu yangu wa Juba, ukiuguliwa, na jamaa wakakudai fahali ili Mungu akukubali, mpeleke mgonjwa hospitali, uwaambie kwa heshima kwamba Mungu amekwisha kukukubali.