Karatasi ya duka: nani anafunga, nani anasikilizwa?

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, kila duka lina karatasi yake. Wengine wameibandika ukutani juu ya magunia ya mchele, wengine wanaiweka katika sanduku pamoja na franka za siku. Inaitwa patanti. Watumishi wa komine wakipita kukagua, neno la kwanza ni hilo: patanti iko wapi? Asiyekuwa nayo anaweza kufungiwa mlango, na mlango ukifungwa, watoto wanalala njaa.

Ugomvi wa karatasi hiyo haukuanza jana. Tangu zamani swali ni moja: nani anaruhusiwa kuuza, na yule anayetaka kumnyima ruhusa analazimika kumsikiliza kwanza?

Wakati wa Mfalme Leopold II jibu lilikuwa fupi. Mwaka 1891 na 1892 serikali yake ilijitwalia pembe za ndovu na mpira katika maeneo makubwa ya nchi. Mwenyeji aliyemuuzia mchuruzi mwingine alihesabiwa mwizi, na mchuruzi aliyenunua alihesabiwa mpokeaji wa mali ya wizi. Biashara iliyokuwa halali juzi ikawa kosa kwa amri tu.

Wabelgiji walipochukua nchi mwaka 1908, maduka yaliongezeka mijini, lakini mji uligawanywa. Katikati walikaa Wazungu. Wagiriki, Wareno na Wahindi walikuwa na maduka yao. Wakongomani walipangiwa makao ya pembeni, yaliyowekewa utaratibu wake kwa amri ya mwaka 1931. Huko kulikuwa na chifu na baraza, lakini neno la mwisho lilibaki kwa mtawala wa kikoloni.

Mlango ulifunguka kidogo mwaka 1957. Amri ya tarehe 26 Machi iliruhusu wakaaji wa miji kuchagua washauri wa komine. Kura zilipigwa mwezi wa Desemba katika Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, ambayo leo ni Kinshasa, Lubumbashi na Likasi. Mwaka 1958 ikafika zamu ya miji mingine, pamoja na Bukavu na Stanleyville, yaani Kisangani ya leo. Joseph Kasa-Vubu, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa nchi, alianza kwa kuongoza komine ya Dendale. Kwa mara ya kwanza mwenye duka alikuwa na baraza la watu wa kwao ambalo angeweza kuliendea na kulalamika.

Somo kubwa zaidi lilikuja tarehe 30 Novemba 1973. Siku hiyo Rais Mobutu alitangaza kwamba maduka, mashamba makubwa na viwanda vidogo vya wageni vitapewa Wazaire. Wazee wengi wangali wanaikumbuka Zairianisasio. Hakuna baraza lililoketi kuchunguza duka moja moja. Hakuna aliyeuliza kama mwenye duka alilipa kodi, kama aliwapunja wanunuzi au kama bidhaa zake zilikuwa zimeoza. Kosa lake lilikuwa uraia wake.

Lengo lilitajwa kuwa zuri: uchumi urudi mikononi mwa wananchi. Na kweli wananchi walikuwa na sababu ya kunung'unika, kwa maana kwa miaka mingi walikuwa wamewekwa nyuma ya kaunta. Lakini waliopewa maduka mara nyingi walikuwa wakubwa wa chama na wa serikali, pamoja na jamaa zao. Wengi hawakujua kazi ya duka. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu, wakatumia pesa, wala hawakuagiza bidhaa nyingine. Chumvi, sabuni na vitambaa vikaadimika, na bei zikapanda.

Vijijini hasara ilikuwa kubwa zaidi. Mwenye duka wa kigeni ndiye aliyekuwa na lori, na ndiye aliyenunua mahindi, mchele na kahawa ya mkulima. Duka lilipokufa, lori nalo lilisimama, na mkulima akabaki na mavuno yake. Mwaka 1976 serikali ilirudi nyuma, ikawaruhusu wenye mali wa zamani kurudi kwa masharti ya kushirikiana na Wazaire. Wengi hawakurudi tena.

Baada ya hapo sheria ilijaribu kupanga mambo. Sheria ya tarehe 2 Agosti 1979, na ile ya tarehe 8 Agosti 1990 iliyofuata, ziliweka biashara ndogondogo kuwa ya wananchi, na mwenye kuifanya awe na patanti. Lakini karatasi haikumlinda mtu yeyote wakati askari walipopora maduka ya miji mikubwa mwaka 1991 na tena 1993. Wala haikueleweka vizuri wakati wa vita ya 1998 hadi 2003, mashariki ilipotawaliwa na waasi wa RCD na sheria za nchi zikiandikwa Kinshasa. Mwanzoni mwa mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoingia mikononi mwa AFC/M23, wachuruzi walijikuta tena katika njia panda ile ile: mtu mmoja, duka moja, serikali mbili.

Hata hivyo kuna mambo yaliyoandikwa ambayo mchuruzi mdogo anafaa kuyajua. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 35, inasema kwamba Serikali inahimiza biashara ndogo ya Wakongomani. Kifungu cha 174 kinasema kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuwaandikia viongozi wa serikali malalamiko, nao wanapaswa kujibu kabla ya miezi mitatu kupita. Na mwezi wa Desemba 2023 washauri wa komine walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hiyo.

Haya yote yana uzito zaidi kwa wahami wa vita. Mama aliyekuwa na duka Masisi au Djugu, leo anauza makaa na sabuni juu ya meza kando ya barabara ya mji asioujua. Patanti yake iliungua pamoja na nyumba. Mbele ya mkaguzi anaonekana kama mtu aliyeanza biashara jana, hali amekuwa mchuruzi miaka ishirini.

Kuchunguza duka si kosa. Bidhaa zilizooza ziondolewe, mizani ya udanganyifu ikamatwe. Lakini mwenye duka aambiwe kosa lake kwa maandishi, apewe siku za kujibu, na akilipa apewe risiti. Mwaka 1973 hakuna hata moja kati ya hayo lililofanyika, na gharama yake haikuishia kwa wageni walioondoka. Ililipwa na mkulima aliyesubiri lori ambalo halikuja.